Kikokotoo Kimeniambia 3.3125: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Kujumlisha Sehemu

Barua tatu za safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, nazo zinauliza jambo moja: kwa nini kikokotoo, ambacho tumezoea kukiamini, hutoa majibu ya ajabu kinapopewa sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini tofauti, zijumlishwe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kosa ninaloliona kwa watu wanaotumia mashine hizi kila siku.

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Juzi nilikuwa napanga urefu wa gauni la mtoto: kipande cha juu inchi 9 na 3/8, sketi inchi 14 na 3/4, upindo inchi 1 na 1/2. Nilichukua kikokotoo kidogo ninachopigia hesabu za wateja, nikabonyeza kama nilivyoandika kwenye daftari, yaani 9 + 3 ÷ 8 + 14 + 3 ÷ 4 + 1 + 1 ÷ 2, kikanipa 3.3125. Nilipofanya vilevile kwenye simu, simu ikasema 25.625. Binti yangu aliye kidato cha pili akaingiza hesabu hiyo kwenye kikokotoo chake cha sayansi, kikaandika 25, kona, 5, kona, 8. Niliamua kuifuata simu, nikahesabu kwenye futi inchi 25 na vistari sita, nikakata. Magauni yalizidi urefu kidogo, lakini yalikuwa arobaini na ilinibidi niyapunguze yote. Nifuate mashine ipi?

Jibu. Marahaba, fundi, na pole kwa kazi ya kurudia. Simu na kikokotoo cha binti yako vimekupa jibu lile lile kwa maandishi mawili tofauti, na jibu hilo ni sahihi. Kikokotoo kidogo nacho hakijaharibika, ila kimefanya hesabu ambayo wewe hukukusudia kukipa. Kosa lililofika kwenye kitambaa lilitokea baadaye, pale ulipoihamisha 0.625 kutoka kwenye skrini kwenda kwenye futi.

Tuanze na kile kidogo. Shuleni tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano kwanza, kisha gawanya, kisha zidisha, kisha jumlisha, mwisho toa. Simu nyingi za kisasa na vikokotoo vya sayansi hufuata utaratibu huo, kwa hiyo vinapoona 9 + 3 ÷ 8 vinasubiri, vinagawanya 3 kwa 8 kwanza, ndipo vinajumlisha na 9. Kikokotoo cha dukani hakisubiri. Kila unapobonyeza alama mpya, kinamaliza hesabu iliyo mkononi na kusahau ilikotoka. Fuatana nacho hatua kwa hatua uone: 9 + 3 kikapata 12, ulipobonyeza ÷ 8 kikagawanya 12 nzima, ikawa 1.5, kikaongeza 14, ikawa 15.5, kikaongeza 3, ikawa 18.5, kikagawanya yote kwa 4, ikawa 4.625, kikaongeza 1 ikawa 5.625, na 1 nyingine ikawa 6.625, mwishoni kikagawanya kwa 2, na hapo ndipo ilipotoka 3.3125. Kipande chako cha juu, ambacho peke yake kina zaidi ya inchi tisa, kiligawanywa mara tatu njiani.

Ukitaka kujua mashine yoyote iliyo mbele yako ni ya aina gani, bonyeza 1 + 2 × 3 kisha alama ya sawasawa. Ikikupa 7, inafuata MAGAZIJUTO. Ikikupa 9, inakwenda kwa mfuatano wa vidole vyako. Jaribio hili halizidi sekunde tano, nami nalifanya kwa kila kikokotoo ninachoazima.

Kikokotoo kidogo kinaweza kujumlisha sehemu bila kukosea ikiwa utatumia kumbukumbu yake, yaani vile vitufe vyenye herufi M ambavyo watu wengi hawavigusi kabisa. Kwanza futa kilichobaki humo: kama kina kitufe cha MRC, kibonyeze mara mbili, kama kina MC, mara moja inatosha. Kisha bonyeza 3 ÷ 8 M+. Kitufe cha M+ humaliza mgawanyo na kulitunza jibu lake, 0.375, pembeni, mbali na hesabu itakayofuata. Endelea na 3 ÷ 4 M+, halafu 1 ÷ 2 M+, halafu inchi nzima kwa pamoja, 9 + 14 + 1 M+. Sasa bonyeza MRC mara moja, au MR, nacho kitakuonyesha 25.625 kama simu.

Iko hila nyingine isiyohitaji kumbukumbu, ambayo naipenda kwa sababu inautumia udhaifu wenyewe wa mashine. Kabla ya kuleta sehemu mpya, zidisha kwanza jumla uliyo nayo kwa asili ya sehemu hiyo. Kwa 3/8 na 3/4 utabonyeza 3 ÷ 8 × 4 + 3 ÷ 4, na jibu litakuwa 1.125, ambalo ndilo sahihi. Kwa kuwa mashine itagawanya kila kitu kwa 4 mwishoni, ile sehemu ya kwanza umeizidisha kwa 4 mapema ili mgawanyo huo usiidhuru. Hila hii ni ya kikokotoo kidogo pekee. Ukiipeleka kwenye simu itakupa 2.25, na hilo ni kosa.

Hata hivyo, fundi, kama ningekuwa nimesimama mezani pako ningekushauri njia iliyo fupi kuliko zote. Futi yako imegawanywa kwa thumuni, na asili zako zote, yaani 8, 4 na 2, zinaingia kwenye 8, kwa hiyo 8 ndiyo KDS yake, yaani kigawe kidogo cha shirika. Geuza kila sehemu kuwa thumuni kichwani: 3/8 ni thumuni tatu, 3/4 ni thumuni sita, 1/2 ni thumuni nne. Jumla yake ni thumuni kumi na tatu, yaani inchi moja na thumuni tano. Ongeza inchi 24 nzima, upate inchi 25 na 5/8. Kikokotoo kikitumika hapa, kinajumlisha namba nzima tu, na namba nzima hazikipotezi.

Sasa tufike kwenye vile vistari sita. Uliona 25.625, ukaichukua ile 6 ya kwanza baada ya nukta kama idadi ya vistari. Lakini 6 hiyo inahesabu sehemu za kumi, na inchi kwenye futi yako haikukatwa mara kumi. Imekatwa mara nane. Ili desimali irudi kwenye lugha ya futi, ondoa inchi nzima zibaki 0.625, kisha zidisha kwa idadi ya visehemu vilivyo ndani ya inchi moja: 0.625 × 8 = 5. Ni vistari vitano. Kwa futi iliyokatwa mara kumi na sita utazidisha kwa 16 na kupata vistari 10, ambavyo ni mahali pale pale. Uliongeza thumuni moja kwa kila gauni, na thumuni moja mara arobaini ni inchi tano za urefu wa kitambaa.

Kuhusu kikokotoo cha binti yako, hicho ndicho chenye faida kubwa kwa kazi yako, kwa sababu kinaishika sehemu ikiwa sehemu bila kuigeuza desimali. Katika modeli kama Casio fx-82MS kuna kitufe kilichoandikwa a b/c. Inchi 9 na 3/8 unaiandika 9, kitufe hicho, 3, kitufe hicho tena, 8. Mashine inaonyesha kona ndogo kati ya namba. Ukimaliza zote tatu itasoma 25⌟5⌟8, yaani 25 na 5/8. Ukibonyeza a b/c baada ya jibu, itakuonyesha 25.625, ukitanguliza SHIFT, itakupa 205⌟8, yaani sehemu guni, ambayo kiasi chake kimezidi asili. Majibu hayo yote matatu ni urefu mmoja, na la kupeleka kwenye futi ni la kwanza.

Modeli mpya zaidi, kwa mfano fx-991ES PLUS, zina kitufe chenye visanduku viwili vilivyotenganishwa na mstari, na sehemu huonekana kama inavyoandikwa ubaoni, kiasi juu na asili chini. Jibu hugeuzwa kuwa desimali kwa kitufe cha S⇔D. Hapo jihadhari na jambo moja: ukishaandika asili, bonyeza mshale wa kulia utoke kwenye kisanduku kabla ya kubonyeza +. Usipotoka, kila kinachofuata kitaingia chini ya mstari. Mwanafunzi aliyetaka 1/2 + 1/3 akasahau mshale atakuwa ameandika 1 juu, na 2 + 1/3 chini, kisha atapewa 3/7, ambayo ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo.

Swali. Mwalimu, mimi ni mzazi, naandika kutoka Kondoa. Mwanangu wa darasa la tano amepewa hesabu za sehemu na huzifanya kwa kikokotoo changu. Kwa 1/2 + 1/3 alijumlisha juu akapata 2, akajumlisha chini akapata 5, akagawanya 2 kwa 5, akaniambia jibu ni 0.4 na kikokotoo kimekubali. Siku nyingine alijumlisha theluthi tatu, mashine ikasema 0.9999999, akaniuliza kipande kilichobaki kimekwenda wapi. Je, nimnyang'anye?

Jibu. Usimnyang'anye, mzazi mwenzangu. Huyo mtoto anayeuliza kipande kimekwenda wapi anafikiri vizuri kuliko wakubwa wengi wanaoandika 1 na kunyamaza.

Kwa lile la kwanza, kikokotoo hakikukubali chochote isipokuwa kwamba 2 ikigawanywa kwa 5 ni 0.4. Mashine haikuona 1/2 wala 1/3. Iliona kazi iliyokwisha kuharibika kwenye karatasi. Chukua chapati, ikate nusu, umwekee mbele yake. Mwongezee theluthi ya chapati nyingine, kisha muulize kama alicho nacho sasa kinaweza kuwa pungufu ya nusu. Kwa kuwa 0.4 ni pungufu ya 0.5, atakuwa amejikosoa mwenyewe kabla hujasema neno. Mzoeshe kukisia kwa mdomo kila mara kabla hajagusa kitufe: jibu litapita nusu au halitapita, litapita moja au halitapita.

Akishakisia, afanye kwenye daftari: KDS ya 2 na 3 ni 6, kwa hiyo 3/6 na 2/6 ni 5/6. Hapo ndipo kikokotoo kinapopewa kazi yake halali, yaani ushahidi. Abonyeze 1 ÷ 2 M+, kisha 1 ÷ 3 M+, kisha MRC, aone 0.8333333. Afute, abonyeze 5 ÷ 6, aone 0.8333333. Namba mbili zilizopatikana kwa njia mbili zikilingana, daftari limethibitishwa. Akiwa amepata desimali tu na hajui ni sehemu gani, azidishe kwa KDS: 0.8333333 × 6 inatoa 4.9999998, na hiyo ni 5 iliyokatwa mkia, kwa hiyo jibu ni 5/6.

Huo mkia ndio jibu la swali lake la pili. Theluthi ikiandikwa kwa desimali ina tatu zisizokwisha, ilhali skrini ya kikokotoo chako ina nafasi nane tu. Mashine inaandika 0.3333333 na kuziacha zilizobaki, kwa hiyo kila theluthi imepungukiwa na kitu kidogo mno, na upungufu huo mara tatu ndio kile kipande anachokitafuta. Akizidisha 0.1428571, ambayo ndiyo subui kwenye skrini hiyo, kwa 7, atapata 0.9999997. Vikokotoo vya sayansi hutunza ndani tarakimu nyingi kuliko zile vinavyoonyesha, ndiyo maana 1 ÷ 3 × 3 kwenye mashine hizo hurudi 1. Mwambie kwamba 1/3 iliyo kwenye daftari lake imetimia, na ile iliyo kwenye skrini ni ya kukaribia.

Swali. Assalaam alaykum, Mwalimu. Naandika kutoka Mombasa. Ndugu yetu amefariki na kuacha mke mmoja, mabinti wawili, na wazazi wake wote wawili wakiwa hai. Ustadhi alitusomea mafungu: mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Mimi ndiye niliyepewa hesabu. Nilijumlisha 1/8 + 2/3 + 1/6 + 1/6 kwenye simu, ikaja 1.125. Nimerudia mara nne, nikaazima na simu nyingine. Mali ni shilingi 5,400,000 baada ya madeni kulipwa. Ninakosea wapi?

Jibu. Waalaykumu salaam, na poleni sana kwa msiba. Hujakosea popote, na simu zote mbili zimesema kweli.

Zitazame sehemu hizo kwa asili moja, maana desimali inaficha kinachoendelea. KDS ya 8, 3 na 6 ni 24. Mke ana 3/24, mabinti 16/24, baba 4/24, mama 4/24. Jumla ni 27/24, na 27 ÷ 24 ndiyo hiyo 1.125 yako. Mafungu yamezidi mali kwa 3/24. Ungegawa kama yalivyosomwa, mke angestahili 675,000, mabinti 3,600,000, baba 900,000 na mama 900,000, jumla 6,075,000, nanyi mnazo 5,400,000. Angalia pia hatari iliyojificha humo: mabinti na wazazi peke yao wanamaliza 5,400,000 kamili. Kama mgawaji angeanza na wao na kumweka mjane mwisho, mjane angeondoka mikono mitupu huku kila mmoja akidhani hesabu imefuatwa.

Elimu ya mirathi inalijua jambo hili tangu zamani na kuliita awl, na warithi hawa hawa ulionitajia ndio mfano wake mashuhuri. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa kuhusu mke, mabinti wawili na wazazi wawili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Kwa sababu hiyo mas'ala haya yanaitwa al-Minbariyya. Kila ninapoifikia hesabu hii husimama kidogo, kwa kuwa jibu hilo lina kanuni nzima ndani yake: 3 za mke zinabaki 3, ila asili inapanda kutoka 24 hadi 27, na 3/27 ni 1/9. Wote wanapungukiwa kwa uwiano mmoja. Madhehebu manne ya Sunni yanaufuata mwendo huu, wakati Mashia wengi hawaukubali. Hukumu ya familia yenu ni ya kadhi, nami nabaki kwenye hesabu.

Kwa hiyo mafungu yenu yanakuwa mke 3/27, mabinti 16/27, baba 4/27 na mama 4/27, na sasa jumla ni 27/27. Shilingi 5,400,000 ÷ 27 ni 200,000 kwa kila fungu. Mke anapata 600,000, mabinti 3,200,000, yaani 1,600,000 kwa kila mmoja, baba 800,000, mama 800,000. Jumlisha, zitarudi 5,400,000 bila shilingi kubaki wala kupungua. Ukipenda kupitia ile 1.125, gawanya kila fungu la awali kwa hiyo: 675,000 ÷ 1.125 ni 600,000, na vivyo hivyo kwa waliobaki.

Nakuomba usizifupishe sehemu hizi kabla ya kuzijumlisha. Wengi huandika 0.67 badala ya theluthi mbili na 0.17 badala ya sudusi kwa kuwa ndivyo desimali inavyofupishwa shuleni. Ukifanya hivyo hapa, 0.125 + 0.67 + 0.17 + 0.17 inakuwa 1.135, na fungu la mjane, 675,000 ÷ 1.135, linashuka hadi 594,713 na senti kadhaa. Shilingi elfu tano na zaidi zitakuwa zimetoka mkononi mwa mjane kwa sababu ya tarakimu mbili za desimali.

Mnazo bahati kwamba 5,400,000 inagawanyika kwa 27 bila kubakiza. Kwa kiasi kisichogawanyika vizuri, zidisha kwanza kisha ugawanye: mali mara 16, halafu ÷ 27, ili desimali isikatwe mapema na kuzidishwa ikiwa imekwisha kukatwa. Kama mtahakiki kwa kikokotoo kidogo cha tarakimu nane, kumbukeni kwamba 5,400,000 × 16 ni 86,400,000, ambayo inaenea kwenye skrini, lakini 10,000,000 × 16 haienei na mashine itaandika E. Hapo ondoeni sifuri tatu za mwisho kabla ya kuanza, fanyeni hesabu kwa maelfu, na mzirudishe kwenye jibu.